Uso Wangu Ndio Uliokuwa Ukijibu

Norrgårda,
Åland.
Alhamisi, 17 Novemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Tove,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Hujambo? Na mwanao Melker, kikohozi kimemwacha au bado kinamkesheza? Goti la mama linasemaje na baridi hii? Sisi miili ni mizima. Signe wangu amerefuka, suruali zote zinamwishia juu ya vifundo. Jua hatulioni, na ikifika saa kumi na nusu giza limekwisha kuingia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema umekwisha kutoa notisi ya nyumba, na baada ya Krismasi unavuka na Melker uje umfundishe mwenyewe nyumbani, kwa kuwa sheria ya huko Sweden imekukatalia na ya huku Åland inaruhusu. Unasema barua zangu ndizo zilizokutia moyo. Niliposoma hapo nilikaa chini. Barua zile nilizipaka jemu nyingi mno, Tove, utamu mtupu. Nilikuandikia Signe alivyohesabu konokono ufukweni, na alivyomaliza kitabu kizima kwa siku mbili. Yote yalikuwa kweli. Mengine niliyameza, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nayatema. Unajua kwamba mtoto anayesomea nyumbani huku hukaguliwa na mwalimu wa halmashauri. Wetu ni Bibi Gunborg, mtu mzima, mpole, anayevua viatu mlangoni na kuingia na soksi za sufu. Alikuja tarehe tatu. Madaftari nilikuwa nimeyapanga mezani, masafi, hayana kosa hata moja, na mimi kichwa juu.

Akamuuliza Signe saba mara nane. Signe akanitazama mimi. "Hamsini na... nne?" Sijui uso wangu ulifanya nini, maana alijirudi papo hapo: "Sita! Hamsini na sita!" Akaulizwa habari za mito, akaulizwa tahajia, na kila swali kichwa kinageukia kwangu kwanza. Bibi Gunborg akaweka kalamu chini.

"Mama Signe, hebu toka nje ukapunge hewa kidogo."

"Mvua inanyesha, Bibi."

"Basi chukua mwavuli."

Nilisimama kwenye ngazi dakika ishirini. Niliporudi, karatasi ya maswali aliyopewa Signe ilikuwa nyeupe. Hata jina lake hakuandika. Miaka miwili nimekaa na mtoto huyu meza moja, kumbe muda wote aliyekuwa akijibu ni uso wangu.

Bibi Gunborg hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifunua daftari moja baada ya jingine, akaniuliza, "Makosa yake yako wapi?" Nikamwambia nayafuta kwa raba, arudie mpaka apatie. Akasema, "Kwa hiyo mtoto huyu hajawahi kukosea mbele ya mtu." Atarudi Februari. Signe akishindwa tena kujibu peke yake, ataandika kwamba lazima aende shule. Mtoto huyuhuyu aliyekuwa akitapika kila asubuhi mbele ya geti la shule kule Gävle, Sweden, ndiyo maana tukahama.

Mume wangu Håkan alipovuka kuja wikendi nilimweleza. Alimaliza kahawa yake, akasema: "Ulrika, miaka miwili nalala peke yangu kama mgane, kumbe ili wewe umfanyie mtoto hesabu?" Hakuwa anatania. Jumapili aliondoka na meli ya mchana, akamkumbatia Signe, mimi akanipungia mkono. Sina cha kumlaumu.

Mama naye nilimpigia simu. Unajua alivyo. "Wewe ndivyo ulivyo tangu zamani. Ulikuwa unamlisha Tove uji na huku ameshiba, mpaka anakutapikia miguuni." Nikacheka, halafu nikalia na simu mkononi. Unakumbuka uji ule? Mimi niliona ni mapenzi. Mpaka leo naona ni mapenzi, ndiyo taabu yenyewe.

Sikuandikii kukukataza. Najua Melker anavyojificha chini ya makoti kila asubuhi, na najua wewe unavyokwenda kazini na sauti yake masikioni. Kama notisi bado inarudishika, irudishe, usubiri uone mambo yetu yataishaje Februari. Kama hairudishiki, njoo. Chumba cha juu kipo, kinavuja pembeni lakini kipo.

Ila ukija, usianze na masomo. Mwache miezi miwili ya mwanzo alale, apike na wewe, acheze mpaka kukaa bure kumchoshe mwenyewe. Mimi siku ya pili tu nilinunua kengele. Kengele ya shaba, Tove, na mwanafunzi ni mmoja! Saa mbili kwa siku zinamtosha mtoto wa miaka saba. Raba itupe baharini kabla meli haijafunga gati. Kurasa zenye makosa zitunze, ndizo zitakazomwonyesha mkaguzi mtoto alikotoka. Akisoma kwa sauti, atafute wa kumsikiliza asiye wewe, hata mbwa wa jirani, maana uso wa mbwa haujui jibu.

Wala usijitenge. Familia nyingine za aina yetu hukutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa michezo. Niliacha kwenda, eti kwa sababu watoto wao walikuwa nyuma ya wangu. Sasa naona haya kurudi, lakini Jumatano ijayo nitakwenda.

Na uwe na kazi yako mwenyewe, hata ya kushona. Mama asiye na kazi nyingine, kazi yake huwa kumtazama mtoto usoni, na mtoto hana pa kujificha.

Barua hii naiandikia kwenye kibanda cha kuni, nimevaa koti na glavu zilizokatwa vidole. Wiki mbili sasa, kila siku saa tano natoka, namwachia Signe hesabu tano na saa ya ukutani. Siku ya kwanza aliniita mara kumi na moja. "Mama! Mama, hii ni sawa? Njoo uangalie tu, hata usiseme!" Nilihesabu huku nimeuma skafu. Jana aliniita mara mbili. Leo supu ya njegere, ile yetu ya kila Alhamisi, iko jikoni kwenye moto mdogo, na dirishani naona kichwa chake kimeinama. Saa nzima imepita na hajaniita. Nilidhani nitafurahi. Inaniuma.

Mwambie mama alisema kweli, lakini asijisifu. Melker mpe mabusu mawili, moja la Signe. Mungu akuonyeshe la kufanya, mdogo wangu, na akikuonyesha, usinitazame mimi kwanza.

Dada yako akupendaye, uji na yote,
Ulrika

Nimefungua tena bahasha. Signe alikuja hadi kibandani na karatasi yake, hesabu tatu sahihi, mbili si sahihi. Akanipa, akanikodolea macho usoni kama kawaida yake. Nikazitazama kuni. Akangoja, akangoja, kisha akaninyang'anya karatasi: "Basi, nitaangalia mwenyewe." Nilipoingia ndani nikakuta moja ameirekebisha, na nyingine iliyokuwa sahihi ameiharibu. Nimeiacha hivyohivyo. Tumekula supu yetu.