Mkurugenzi wa Mapumziko

Jumatatu, 4 Machi
Imepita! Mada ya kitinda mimba wangu imepita chuoni! Atatafiti burudani na mapumziko – jinsi wanawake mafundi, washonaji na wasusi, wanavyopumzika. Nimewatangazia wateja wangu wote wa cherehani, hata mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Shoga yangu msusi, mlango wa pili, kaniuliza eti starehe nayo inasomewa? Kana kwamba mume wake ni profesa! Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Mtoto hali chakula. Mwalimu wake anataka vyanzo vya mtandaoni vya kuaminika, na yeye kutwa anakutana na matangazo ya hoteli na blogu zisizo na mwenyewe. Kuhusu sisi mafundi, hata mstari mmoja hakuna. Bila chanzo, mada inarudishwa. Machozi juu ya kompyuta!
Nikajiuliza: kwani ya mtandaoni yanaandikwa na malaika? Si watu? Na mimi ni nani, kigoda?

Alhamisi, 7 Machi
Tumefungua ukurasa, mimi na msusi. Kituo cha Utafiti wa Mapumziko ya Wanawake Mafundi. Jina zito! Tumeweka na picha ya ghorofa. Takwimu tumekusanya hapo hapo saluni kwake: wanawake tisa kati ya kumi hupumzika wakati wanasukwa. Wa kumi hupumzika chooni, ndiko asikoitwa. Ukweli mtupu, nimewauliza mwenyewe! Chini nikaandika: Mkurugenzi.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu kapiga kelele mpaka sindano ikanichoma. Mama! Nimekipata! Kituo kizima! Akanisomea maneno yangu. Matamu, jamani! Nikasema huyo Mkurugenzi ana akili. Akasema sana, si kama wale wa kubahatisha.
Nilitaka kumwambia. Nikarudi kwenye mshono. Mtoto alikuwa anacheka, mara ya kwanza wiki nzima.

Jumanne, 12 Machi
Makubwa! Mwalimu kasema chanzo si chanzo mpaka ajulikane nani kaandika na takwimu kazitoa wapi. Mwanangu akamwandikia Mkurugenzi ujumbe kupitia ule ukurasa, pale pale mezani. Simu ikalia kwenye aproni yangu – tii! Nikakohoa kama mgonjwa. Anaomba kukitembelea kituo, yeye, mwalimu wake na wanafunzi wenzake. Nikatoka uani, nikajibu: karibuni sana. Sasa ningejibuje? Nimfukuze mgeni?
Msusi kasikia, kakaa chini pu! Kituo chenyewe kiko wapi, kauliza. Nikamwonyesha saluni yake. Kaniita mwehu, kisha kachukua tambara akaanza kupiga deki. Wale wanawake kumi wamekubali kuja kuthibitisha, ila wa chooni anaona haya.
Jioni mwanangu kaniletea kitambaa. Anataka gauni la heshima la kuonana na Mkurugenzi! Nimeanza kukata. Mshono utanyooka, mimi ni mimi. Atalivaa mbele ya mwalimu wake, wanafunzi wenzake, wale kumi, na huyo Mkurugenzi. Wote wanakuja. Jumamosi.