Kwezi Si Kunguru

Mama,

Mjukuu wako haitiki tena nikimwita Kwezi. Nimeona nikwambie hilo kwanza, maana jina ulimpa wewe.

Siku ya arobaini yake, tulipomtoa nje, wifi yangu alimfunua kanga akasema, "Mtoto kunguru huyu, weusi wote huu kautoa wapi?" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulimchukua ukasogea naye kwenye mpapai wa uani kwako, kwezi walikuwa wanadonoa papai bivu, ukawataka watu wamtazame ndege yule jua linapompiga. Buluu, zambarau, kijani, vyote ndani ya weusi.

"Huyu ni kwezi, mke mwenza wangu. Kunguru katafuteni kwenu."

Jina likawa hilo.

Sasa kwezi hawaonekani, Mama. Kunguru wamejaa Temeke nzima, wanakula mayai na makinda ya kwezi. Na tangu baba wa mtoto apunguzwe kazi kiwandani tunakaa kwa wifi, Tandika. Wifi siku hizi anauza vipodozi, hivi vinavyoingia kutoka nje. Juzi nimetoka kuchota maji nikamkuta amemkalisha mtoto mkekani, anampaka krimu ya kujichubua. Usoni. Mtoto katulia tuli. Mwenyewe ndiye aliyeomba apakwe.

Nilimwosha mpaka akalia. Kisha nikasema, bila kupaza sauti, "Wifi, nyumba yako, mtoto wangu. Hapakwi tena." Tangu hapo hatusemezani, na sijui hapa tutakaa mpaka lini.

Lakini kilichonimaliza si hicho. Nilipokuwa namfuta uso aliniuliza kwa nini bibi alikuwaga anamcheka. Nikamwambia bibi hakukucheka hata siku moja. Akasema, kwani kwezi si ndiyo kunguru? Nikatazama juu ya bati nimwonyeshe tofauti. Kunguru watupu. Ungekuwepo ungejua la kumwambia. Mie nilimkumbatia tu, maji yanatuchuruzika wote wawili.

Mvua zikikatika nitampeleka Kimbiji, ulikolala. Wanasema huko kwezi wapo bado. Tukishakuombea dua nitamsimamisha juani, aone mwenyewe. Tusipowakuta, basi. Nitamwita Kwezi kila asubuhi, anune asinune, mpaka aitike.

Pumzika, Mama. Hili niachie mie.

Mwanao