Bi Harusi Mwenye Nywele

Leningrad,
Jumapili asubuhi

Dadangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo dada. Miguu ya mama imepoa? Na nyanya bado anagombana na mbuzi wa jirani? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inauma mpaka meno. Lakini kwa Swaleh wangu siihisi! Miezi minne ya ndoa, na akinivisha koti bado naona haya kama siku ya kwanza.

Sasa sikiliza. Kazi yake ya chuo ni juu ya Wavotia, watu wachache, jamaa wa Wafini, waliokuwa wakivua na kulima karibu na mto Luga. Wakati wa vita walihamishiwa Ufini, wakarudi, wakatawanywa. Watoto wakachekwa shuleni kwa lugha yao, wakaiacha. Waliobaki kuisema hawajazi ua wa kwetu siku ya harusi yangu. Mmoja ni Bibi Anna, anayekaa hapa mjini kwa bintiye. Mara mbili amemkatalia Swaleh kumrekodi: "Lugha hii imeniaibisha vya kutosha." Profesa wake akamwonya, akikosa sauti ya Bibi safari hii, atafute kazi nyingine. Maskini mume wangu, hata kula hali!

Jana nikafuatana nao wawili kwa Bibi. Bibi akaniona na mtandio, akauliza kwa Kirusi, "Bi harusi, nawe wamekunyoa kama nyanya yangu?" Kumbe zamani bi harusi wao alinyolewa kipara! Nikacheka, nikamvuta jikoni, nikafunga mlango profesa asinione, nikafungua mtandio. Alipoona misuko yangu akapiga makofi.

"Una bahati! Nyanya alilia siku tatu."

Akanishika kichwa, akaanza kuimba kwa Kivotia wimbo aliofundishwa na nyanya huyo. Na mashine ya kurekodi kanda iko sebuleni! Nikafungua mlango kidogo.

"Swaleh, lete mashine!"

"Niingie?"

"Wanaume huko huko!" Bibi akafoka. "Atashika mkeo."

Dada, tumejaza kanda mbili, na Jumamosi ametuita tena! Swaleh ameandika jina langu juu ya kila kanda, akanibusu mbele ya profesa. Mama asijue!

Kisha Bibi akataka wimbo wa kwetu. Nikaanza ule nyanya alioniimbia siku ya singo, wakinisugua manukato, nikakwama ubeti wa pili. Niliona aibu kweli. Kaa na nyanya, akuimbie wote, uniandikie kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Mbusu mama mikono. Nisalimie shangazi wa Sabaki na shemeji.

Mdogo wako mwenye furaha tele,
Saumu