Koki Iliyotazama Ukutani

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na sauti yako ya kufokea wateja bado ipo. Shemeji naye vipi, bado anakoroma hadi mabati yanaitika? Wapwa wangu wasalimie mmoja mmoja, yule wa mwisho umkague mikono kwanza. Mimi mdogo wako sijambo, nimenenepa mashavu, na mjini hapa jina langu si dogo.

Barua yako nimeipata. Nimeelewa kwamba fundi wako wa rejeta amehama, kwamba malori yamejipanga nje ya gereji aliyotuachia baba na wewe uko peke yako, na kwamba nisipofika mwisho wa mwezi utaikodisha kwa yule jirani mwenye jino la dhahabu. Dada, usimpe. Sikiliza kwanza kilichonikamata.

Nimekamatwa na bibi. Usicheke, si hivyo unavyofikiri. Ni jirani yangu hapa ghorofa ya nne, mpiga chapa mstaafu wa mahakama. Lifti ilikufa zamani na magoti yake yakaifuata, kwa hiyo hashuki. Dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine, karibu hivi kwamba ukitoa mkono unaupapasa. Humo ndani anacheza vita kwenye kompyuta, na vijana wa nchi ambazo hata mimi sijafika, nami unajua nimefika nyingi. Wanamwita Kamanda. Vidole vilivyochapa kesi za watu, leo vinamaliza kikosi kizima kabla chai haijapoa.

Shida ilikuwa joto. Kompyuta ikichemka, feni zinanguruma kama basi linalopanda mlima, naye kwa masikio yake yalivyo hamsikii adui anayemnyemelea. Akaniuliza kama najua kupoza kwa maji. Nikamwambia nimepoza malori ya magurudumu kumi na mawili, sembuse kisanduku chenye taa. Kompyuta sikuwahi kuifungua maishani. Lakini alikuwa ameniita Injinia, Dada, na mimi tangu nizaliwe sijaitwa hivyo na mtu asiyenikebehi.

Basi tukaanza kupanga. Akatoa nyuzi za kufumia, nyekundu kwa maji ya moto na buluu kwa yaliyopoa, tukazitandaza kisandukuni kuona mabomba yatapita wapi: kutoka tangi hadi pampu, kwenye ubongo wa mashine, kwenye kadi ya picha, kisha rejeta, na kurudi. Nilikuwa nimeshapata rejeta ya pikipiki ya alumini, nikakumbuka baba alivyotufokea tulipochanganya alumini na shaba kwenye maji yale yale, vikalana. Nikatafuta ya shaba, kama vibati vya kupozea vilivyomo kisandukuni. Siku ya kujaza maji pampu ikalia kavu, hewa imekwama kwenye kona. Nikakiinua kisanduku pua juu, kama tunavyopandisha gari kilimani kulitoa hewa, bibi akinisomea makosa yangu kutoka kitini. Kikatulia. Chumba kikawa kimya, akasikia nyayo za adui, akageuka akampiga, akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ningefunga virago. Lakini kila nikishika begi, fimbo yake inagonga ukuta. Maji yamepungua, au anadhani yamepungua. Mara anataka bomba la kioo, mara maji ya zambarau. Nimekuwa kama ile hewa kwenye kona: chumba changu, chumba chake, ukuta mbele, ukuta nyuma. Nikiondoka, nani atamtolea maji machafu? Atapikika na mashine yake.

Jumamosi nilikuwa kifudifudi chini ya meza yake, naitafuta koki ya kutolea maji, namlalamikia kwamba amenifunga kama mbuzi. Akasitisha vita, jambo asilolifanya hata kwa chakula. Akaniuliza taratibu, kwa upole wa mtu aliyesikiliza waongo maisha yake yote: "Injinia, koki hiyo nani aliigeuzia ukutani?"

Dada, ni mimi. Tulipopanga, uzi wa koki tuliupitisha mbele, mkono wake ungeifikia akiwa amekaa. Nilipofunga nikaipeleka nyuma, nikamwambia maji yanataka hivyo. Wewe ni fundi, unajua maji hayataki kitu ila kushuka. Niliogopa siku atakayoweza mwenyewe, kwa sababu siku hiyo ninabaki kijana aliyefukuzwa gereji tatu, na kwako nitarudi bila lile gari nililokusimulia kwamba nimenunua. Chumbani mwake tu ndimo ninamoitwa Injinia. Na hiyo fimbo haikugonga sana kama nilivyoandika hapo juu. Mara nyingi nilikwenda haijagonga.

Bibi akasema jengo hili mfungwa mmoja wa ngazi, yaani yeye, analitosha, akarudi vitani.

Jana nimeileta koki mbele. Nimemwonyesha: zima, beseni chini, fungua nusu, subiri, funga. Amefanya mwenyewe bila kunitazama, na hakumwaga hata tone. Sasa nimekaa kitandani na begi miguuni, nasikiliza ukuta. Umenyamaza tangu asubuhi.

Mwambie shemeji anipishe lile godoro la nyuma ya gereji. Yule jirani jino lake la dhahabu aling'arishe huko huko kwake. Na wateja wakiuliza ni nani huyo anayekuja, waambie ukweli.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa rejeta.