Babu Ameanza Kukumbuka, Nami Naambiwa Niache Kumsomea

Mama mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usitoe jina langu, kwa sababu babu yangu anaupenda sana ukurasa wako na mimi ndiye ninayemsomea.

Niko kidato cha pili, tunaishi Masama kwa babu na bibi, na mimi nina aibu sana, nikiitwa kusoma mbele ya darasa sauti inakatika, kwa hiyo Januari mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Eliufoo, aliniambia nisome kwa sauti nusu saa kila siku nyumbani, akasema ubongo unataka kazi kama miguu inavyotaka kutembea, na anayesoma kila siku anakumbuka zaidi na kufikiri vizuri zaidi. Nikamchagua babu anisikilize kwa sababu babu hanicheki na, nisamehe, kwa sababu nilijua hata nikikosea atasahau. Tangu Pasaka ya mwaka juzi alikuwa anasahau sana, anauliza kama kahawa imepimwa wakati imepimwa jana, ananiita Gladys, ambaye ni shangazi yangu, na dada yake Magdalena alipofariki tulimwambia mara tatu na mara zote tatu alilia upya kama ndiyo kwanza anasikia.

Kwa hiyo mwezi uliopita alipofariki Mzee Leodegar wa Kahe, rafiki yake tangu walipokuwa makarani wa ushirika wa kahawa, bibi alisema babu asiambiwe. Wakubwa walikwenda kuzika, wakamuaga kwamba wanakwenda kwenye kipaimara. Waliporudi babu akauliza, "Kipaimara gani hicho, hata mfupa hamkuniletea?" Tukacheka, tukijua kesho atakuwa amesahau. Bibi akawa anachomoa betri za redio yakifika matangazo ya vifo, na picha ya Mzee Leodegar ilipotoka gazetini, familia ikiwashukuru waliohudhuria mazishi, mimi ndiye niliyeikata kwa wembe nikaificha. Babu akiuliza, "Leodegar hajambo?" mimi ndiye niliyejibu, "Hajambo babu, anakusalimia, atapanda huku mlimani matope yakikauka."

Gazeti shuleni hufika Alhamisi, lakini nyumbani huja Jumamosi, baba mdogo Sirili akipanda kutoka dukani kwake Majengo, na mimi humsomea babu hilo hilo moja wiki nzima nikiamini hajui. Jumamosi baada ya picha ile hakupanda, basi gazeti lenye tundu likaingia wiki ya pili. Jumatano saa kumi, nimeshakata majani ya ng'ombe, tumekaa barazani, bibi anageuza kahawa kwenye kichanja pale karibu, nikaanza kusoma habari ya bei ya kahawa. Babu akaninyamazisha kwa mkono.

"Hiyo ulinisomea Jumatatu. Ijumaa pia. Mimi ni wa kupewa kiporo tu?"

Akalichukua gazeti, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Na hapa?"

"Panya, babu."

"Panya wa siku hizi wanatumia wembe?" Halafu akatazama njia inayopanda kutoka barabarani. "Matope yamekauka siku nyingi. Leodegar mbona hapandi?"

Mkono wa bibi ulisimama katikati ya kahawa. Nikasema ndama amefunguka, nikakimbia, na ndama alikuwa amelala.

Bibi alinifuata jikoni. Nilidhani atafurahi kwamba mzee anakumbuka. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kumsomea gazeti. Mwache asahau." Nilimtazama, nikafikiri sikusikia vizuri. Baba mdogo alipokuja naye akasema, "Kichwa cha mzee si mzinga wa nyuki, usikichokonoe. Na wewe mwenyewe hivyo vitabu vitakupasua ubongo bure."

Leo ni siku ya sita sijamsomea. Kila saa kumi babu anakaa barazani, miwani amevaa. Jana nilipompelekea chai aliniita Gladys.

Nikiendelea kusoma atajua kwamba tulimdanganya, na nikiacha ataanza kupotea tena. Nifanye nini?

Mwenye aibu, Masama

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako sikulitoa, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama nikamaliza nimekaa. Nina miaka mingi kwenye ukurasa huu, na hii ndiyo mara ya kwanza kusikia nyumba inayoogopa mgonjwa wake asije akapata nafuu!

Nianze na wewe. Kumsomea mtu mzima gazeti moja siku kumi ni dharau, hata kama ulikuwa unajifunza kusoma. Acha. Wembe rudisha ulikoutoa. Lakini aibu yote usiibebe peke yako: uongo huu waliupanga wakubwa, wewe wakakupa uubebe mdomoni.

Sasa suala la ubongo. Mimi si daktari, na sitakuambia gazeti ni dawa. Kumbukumbu za wazee huja na kuondoka, kwa hiyo baba mdogo ampeleke hospitali apimwe, macho pia. Ila mwalimu wako hakukudanganya. Mtu anayefuata habari, akauliza, akabisha, akangoja kesho aone ilivyokwisha, kichwa chake kina kazi. Anayeachwa kutazama migomba kuanzia asubuhi hadi jioni husahau; hata mimi na ujana wangu uliobaki ningesahau jina langu. Na hakuna ubongo uliopasuka kwa kusoma. Mwambie baba mdogo nimesema mimi.

Bibi yako namwelewa. Amemwona mumewe akilia msiba mmoja mara tatu, akaapa hataki kuona tena. Ni huruma. Lakini wewe bibi, mama yangu, huruma ya kumzima mtu akili ili asiumie, hapana. Halafu, mzee aliyetia kidole kwenye tundu akaulizia wembe, akatazama njia, akamtaja rafiki yake, unadhani hajui? Yuko mlangoni kabisa. Anangoja mmoja wenu awe na adabu ya kumfungulia.

Kwa hiyo, mwanangu, leo ukitoka shule, mpe bibi ukurasa huu. Yeye ndiye wa kusema, si wewe. Akae karibu na mumewe, mchana kweupe, amwambie Leodegar amefariki na kwamba walimficha, amwombe radhi. Kisha wewe lete picha uliyoikata, umpe mkononi. Akitaka kwenda Kahe kuona kaburi, apelekwe. Akisahau na kuuliza tena, aambiwe tena, taratibu, na mtu akae naye. Na kusoma kuendelee kila siku saa kumi, ila siku nyingine yeye akusomee wewe. Gazeti likiisha, azimeni vitabu kwa Mwalimu Eliufoo.

Ukurasa huu umeupata shuleni Alhamisi. Nyumbani utafika Jumamosi na baba mdogo, na saa kumi babu atakuwa barazani, miwani amevaa, akiungojea. Mna siku mbili. Zikipita bibi hajasema, basi kaa karibu na babu yako, ufungue hapa, usome kwa sauti tangu juu.

Usiruke mstari.