Utomvu Nilioutia Kwenye Chetezo

Hayes, London
Jumapili, mwezi wa Machi,
mwaka wa hamsini na mbili tangu niondoke Unguja

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, miguu haijavimba, na presha imeshuka baada ya kubadilishiwa vidonge. Binti yangu Nasra ameniambia kwamba uliteleza bafuni ukamkataza kila mtu asinipashe habari. Sasa nimeipata. Tandika mpira pale chini, tafadhali, wala usinibishie. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia, na baridi imeanza kulegea. Jana niliacha dirisha la jikoni wazi mpaka chai ikapoa.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti zaidi ya mara moja. Ulipoanza kwa jina langu lote, Said bin Hamad, nilijua leo nina kesi. "Nimeambiwa unavuta bangi, na mvi zote hizo! Panda ndege uje, na kofia ya mjukuu wangu mkononi. Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa, na ukifika hutoki tena." Halafu sauti ya chini kidogo: "Na kama kweli inasaidia viungo, nitilie japo kidogo kwa ajili ya magoti." Nilicheka peke yangu jikoni. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Nianze na kofia, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Kwetu bwana harusi haingii kwenye nikaha na kofia ya dukani. Marehemu Baba alimshonea shemeji, mumeo, mimi nikamshonea mwanao Hamad, na sasa ni zamu ya Yusuf, mtoto wa Hamad. Nilikata kitambaa tangu wakati wa kiangazi, nikachora maua, nikatoboa vitobo, nikaanza kuvizungushia uzi kimoja kimoja kama alivyonifundisha Baba. Ilipoingia baridi, vidole vya mkono wa kulia vikakaza. Asubuhi nilikuwa sifungi kifungo cha shati, sembuse kushika sindano. Daktari akasema ni ugonjwa wa viungo wa uzeeni, akaniandikia vidonge, tumbo likavikataa. Nikaikunja kofia ndani ya karatasi nyembamba na kuiweka kabatini. Kila nilipofungua kabati kutafuta soksi niliiona, nikafunga upesi.

Duka ninalonunua viungo vya pilau lipo Rayners Lane, karibu na stesheni. Mwenyewe ni Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake bado kina ladha ya huko. Siku hiyo aliona ninavyobeba mfuko wa mchele.

"Mzee Said, mbona washika mfuko kama kaa la moto?"

Nikamweleza. Akainama chini ya meza akatoa kichupa kidogo cha kioo. Ndani mlikuwa na vipande vya rangi ya asali, vikavu, vinavyomeguka.

"Nini hii, Kanti? Ubani?"

"Ubani wa wazee. Umetoka kwenye mbangi."

"Basi nipe mchele wangu niende zangu."

"Ngoja, bwana! Hii si ile ya vijana wanaocheka peke yao kwenye basi. Ungekuwa walevya, mimi ningelikuwa hapa nauza bizari?"

Akanieleza, nami nilipofika nyumbani nikasoma mpaka macho yakauma. Kuna mbangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi, ule ambao tangu zamani watu walisokota kamba za majahazi na kufuma turubai. Kilevi chake ni kidogo mno. Siku hizi wanaukamua utomvu wake, wanakiondoa hata kile kilevi kidogo kilichomo, kisha wanaukausha ukabaki mzito kama gundi au mkavu kama ubani. Hapa sheria inauruhusu ukiwa umetengenezwa hivyo. Kichupa huja na karatasi ya maabara inayoonyesha walichokikuta ndani yake na wasichokikuta. Niliisoma karatasi ile yote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Kitu kimoja tu sikukisoma: namna ya kuutumia. Kanti alikuwa ameniambia, huku akimpimia mama mmoja dengu, "Uupashe moto kidogo, utaona mwenyewe."

Sasa, Dada, wewe hukumu. Mtu wa Unguja ukimpa kitu kinachofanana na ubani, ukamwambia akipashe moto, atakipeleka wapi?

Ilikuwa Alhamisi baada ya magharibi, saa ambayo hufukiza nyumba kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu Salma. Nikawasha kaa, nikaweka chetezo katikati ya sebule, nikatia kipande kizima. Nikanyoosha mikono juu ya moshi na kusema bismillahi. Moshi ule haukuwa wa ubani. Ulikuwa mzito, una harufu ya majani mabichi yaliyofungiwa kwenye gunia, na ulikwenda moja kwa moja kwenye king'ora cha moto. Kikalia kama kilichoumizwa. Sijamaliza kutafuta fimbo ya kukizimia, mlango ukagongwa. Ni Mama Furaha wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu, anayefanya kazi ya kutunza wazee.

"Papa Saidi! Fungua! Kunaungua?"

"Hakuungui, Mama Furaha. Nafukiza ubani tu."

Akaingia, akanusa, akashika kiuno.

"Ubani gani hii? Miye nimelea vijana watatu, harufu hii naijua. Papa, weye unavuta bangi? Na uzee yako hii?"

"Sivuti. Nafukiza."

"Ah, unafukiza! Basi umefukiza nyumba yote. Hata paka ya chini atalala mpaka Jumatatu."

Alikizima king'ora kwa mpini wa fagio, akafungua madirisha, akaketi kwenye kiti changu akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilipomweleza habari ya vidole aliacha kucheka, akanichemshia maji ya tangawizi. Lakini kabla ya isha alikuwa ameshampigia simu Nasra, Nasra akampelekea binamu yake huko Unguja ujumbe, na nadhani mpaka alfajiri mtaa wetu wote wa Vikokotoni ulikuwa unajua kwamba Said amekuwa mvuta bangi.

Kanti aliposikia alilazimika kushika meza kwa kicheko. "Mzee! Watu wautia kwenye kijimashine wakavuta mvuke, ama wauyeyusha kwenye mafuta ya nazi wakajipaka. Wewe umeusomea maulidi!"

Kuvuta sikutaka, kwa umri wangu na kifua changu. Nilimwendea mfamasia kwanza, naye akaniambia nisiumeze, kwa kuwa unaweza kugombana na vidonge vyangu vya presha. Kupaka kwenye ngozi hakuona tatizo. Basi kila asubuhi naweka bakuli la mafuta ya nazi juu ya maji ya moto, natia punje ndogo ya utomvu, nakoroga mpaka iyeyuke, kisha najipaka vidole na viganja, polepole, kama Mama alivyokuwa akitukanda wakati wa homa.

Sitakudanganya kwamba ni muujiza. Wiki za mwanzo sikuona kitu ila mashati kuchafuka mafuta. Huenda ni utomvu, huenda ni kule kukanda, huenda ni jua lililoanza kurudi. Hata niliyoyasoma hayakubaliani. Ninachojua ni kwamba siku moja nilifunga vifungo vyote na kuvaa koti ndipo nikagundua kuwa sikusimama kupumzisha mkono. Nikarudi kabatini nikiwa na koti langu vilevile, nikaitoa kofia. Mishono ya kwanza ilikwenda kombo nikaifumua. Sasa ubavu wote umekwisha, limebaki duara la juu, na vitobo vimekaa sawa kiasi ambacho Baba angenyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwake kulikuwa na maana gani. Harusi haitaikosa kofia yake.

Kuhusu magoti yako, la, sitakutilia hata punje. Huko kwetu sheria haitenganishi mbangi huu na ule, na sitaki aliyebeba kofia ya bwana harusi alale mahabusu. Nitakutumia dawa ya kuchua ya kawaida, nawe utafute mtu wa kukukanda.

Nisalimie mwanao Hamad, baba wa bwana harusi, na mkewe, ambaye najua sasa halali kwa maandalizi. Msalimie wifi yako mkubwa anayepika biriani, na mzee wa msikitini aliyesoma chuo cha Kurani pamoja nami, kama bado anakuja sala ya alfajiri. Mwambie Yusuf anipimie kichwa chake tena, kwa uzi, si kwa kukisia.

Imebaki habari ya chumba. Utasema vidole vimefunguka, kifua kimetulia, kinachonizuia ni nini. Salma amelala hapa, dakika chache kwa basi, na kila Ijumaa nikitoka msikitini napita kumsomea. Wajukuu wako hapa. Kiswahili changu wanakielewa na wananijibu kwa Kiingereza, lakini wananijibu. Huko, milango mingi ninayoikumbuka, waliokuwa wakiifungua umewazika wewe. Nimelifikiria jambo hili bila uchungu, Dada, na ningependa nawe ulisome hivyo hivyo.

Kofia ataileta Nasra. Anakuja na watoto wake wote, hawajawahi kukanyaga huko, na mdogo wao ameshaanza kuuliza kama una kuku. Kwenye chumba ulichokipaka chokaa walaze wao. Mimi sitarudi.

Ndugu yako akupendaye,
Said