Mejumaa Hahami Mwabungo

Jumatatu, 14 Julai

Zamu ya asubuhi, mapokezi. Mgeni mmoja hana maji ya moto, mwingine ameibiwa ndizi na tumbili na anataka hoteli ichukue hatua. Nimetabasamu mpaka taya zikauma. Nyumbani nimekula muhogo wa jana, nikafungua kompyuta.

Barua pepe ya mhariri wa Nairobi bado ipo. Nilidhani labda imebadilika. Riwaya anaipenda. Mhusika wangu Mejumaa anampenda. Asichopenda ni kijiji changu cha Mwabungo. Eti msomaji kijana wa bara hapajui, hatapaelewa, basi nimhamishe msichana Nairobi. Halafu salamu za sura ya tatu ni nyingi, nizikate. Jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, ama nafasi apewe mwandishi mwingine.

Nimekasirika. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nafasi hiyo naitaka sana.

Jumanne, 15 Julai

Nimemhamisha.

Mejumaa ni kipa, ana miaka kumi na sita, baba yake amempiga marufuku mpira. Asubuhi ya majaribio ya timu anatoroka, viatu vya mpira amevificha kikapuni chini ya mchicha. Kwangu Mwabungo, kutoka mlangoni mwao hadi barabara kuu ni vibaraza mfululizo. Kila kibaraza kina mtu mzima. Kila mtu mzima ni shikamoo, na kila marahaba inazaa swali: waenda wapi? Kila nyumba Mejumaa anaacha uongo wake, na uongo wa nyumba hii usigongane na wa nyumba ile.

Nairobi nimempa ghorofa ya nne. Amefungua mlango. Ameshuka ngazi. Jirani anatazama simu. Amefika uwanjani. Sura nzima imekwisha kwa nusu ukurasa na hakuna aliyemuuliza chochote. Nikamwekea mlinzi getini. Mlinzi akamfungulia.

Alhamisi, 17 Julai

Bado yuko Nairobi. Amekuwa msichana wa kuchosha. Nami pia.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya ajabu. Niiandike kabla sijaanza kuicheka.

Asubuhi nimetoka kwenda kazini, kichwa kimejaa yule mlinzi. Nimpe ubaya? Nimfanye ndugu ya baba? Nimefika hotelini hata sikumbuki nilivyopita njiani.

Alasiri narudi, namkuta shangazi mlangoni na chupa ya uji. Ananigusa paji la uso. Anamimina uji. Mara mama kapiga simu kutoka Msambweni, anauliza kama nimefukuzwa kazi. Jirani wa nyuma kaleta ndimu, akanitazama tumbo kwa makini kuliko ndimu zenyewe. Mwisho kaja Bi Mwanasiti mwenyewe, muuza vitumbua wa kibaraza cha pili, kajifunga leso yake ya kutokea. Akakaa. Akakataa maji.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Kumbe nimempita asubuhi bila shikamoo. Mimi, niliyelelewa kwa vitumbua vyake. Hakusema nina kiburi, huo ungekuwa utukanaji. Alimuuliza shangazi tu kama naumwa, na shangazi akampigia mama, na mama sijui aliwapigia wangapi.

Nimemwomba radhi mpaka sauti ikakauka. Nimeona haya kama mtoto. Alipoondoka nikanywa uji wote, nikabaki nimeketi na chupa mkononi.

Mhariri ana haki nusu. Salamu zangu zilikuwa nyingi kwa sababu zote zilifaulu; Mejumaa hakumpita mtu hata mmoja.

Jumamosi, 19 Julai

Sina zamu. Nimeandika tangu chai.

Mejumaa amerudi Mwabungo. Anasalimu, anadanganya, anasalimu, anadanganya vizuri zaidi. Furaha inampanda kichwani, barabara anaiona. Anapita kibaraza cha mwisho akipiga mluzi, bila kumwona kabisa bibi aliyeketi pale. Bibi hana hasira. Ana huruma tu. Anajifunga leso na kwenda kwao kuuliza mtoto anaumwa nini. Baba ndiye anayefungua mlango.

Nimeisoma kwa sauti. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, nacho kilikuwa mtaani kwangu siku zote. Mahali pale ndipo panapomshika msichana. Ukimtoa pale, unamtoa kwenye hatari.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempa Njeri wa jikoni hotelini aisome kwenye simu. Mtu wa Murang'a huko bara, Mwabungo hajawahi kuingia, kwake pwani ni Ukunda na hoteli. Nimemwambia akichoka aache.

Hakuacha. Chai yake imepoa. Alipofika kwa bibi akaweka simu kifudifudi mezani.

"Manze, si angesema tu shikamoo. Sasa budake akimshika?"

Nikamwambia habari ya baba isubiri, hii ni sura ya tatu tu. Akanidai ya nne. Ameniandama hadi mapokezi, mbele ya wageni, na aproni yake.

Basi huyo ndiye kijana wa bara asiyeelewa.

Jumanne, 22 Julai

Nimetuma. Nimemwandikia mhariri bila kupamba: salamu nimezipunguza, alikuwa sahihi, lakini Mejumaa hahami, na hizo sura mbili zilizo pamoja na barua hii, ya Nairobi na ya Mwabungo, zitamwonyesha kwa nini. Asome ya Nairobi kwanza. Akikataa, nitamshukuru na nitaendelea kutafuta.

Nimeshabonyeza.

Ijumaa, 25 Julai

Amekubali.

Amekubali. Riwaya yote, pale pale ilipo. Anasema alipomaliza ya Nairobi hakukumbuka chochote, na alipomaliza ya Mwabungo alimpigia nyanya yake simu. Anaomba jina la Mwabungo liwe jaladani.

Nimepiga kelele nyuma ya kaunta. Meneja ametoka kuangalia tumbili. Njeri amenibeba, kweli amenibeba, na mimi si mwepesi. Nimeshinda, na nimeshinda bila kumuuza mtu.

Jumapili, 27 Julai

Asubuhi ya utulivu, mvua kidogo. Nimekwenda kwa Bi Mwanasiti kununua vitumbua. Shikamoo. Marahaba. Waenda wapi? Siendi popote, nimekuja kwako. Nikaketi nikamsimulia kitabu, mwanzo hadi mwisho, na bibi wa kibaraza cha mwisho sikumficha.

Akageuza vitumbua vyote kwanza.

"Na huyo mtoto, alirudi kumwomba radhi?"

Mejumaa wangu anadaka penalti, baba anapiga makofi, kitabu kinafungwa. Kwa bibi hakurudi.

Nimebeba vitumbua vyangu nyumbani. Nimefungua kompyuta, ukurasa wa mwisho, nikaongeza. Mejumaa ametoka uwanjani, bado ana vumbi magotini. Anasimama mbele ya kibaraza cha mwisho.